Mbio za Mitumbwi Kigoma: Kanuni Tuazime, Mitumbwi Tunayo

Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake wa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kufuatia makubaliano na Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Nia ilikuwa kuwapa dagaa na migebuka nafasi ya kuzaliana. Kwenye mialo ya Kibirizi, Katonga na Ujiji mkoani Kigoma, mitumbwi ikavutwa nchi kavu na taa za kuvulia zikahifadhiwa majumbani. Mjadala wa faida na hasara za kulifunga ziwa unaendelea, na wenye kauli ya kwanza ni wavuvi wenyewe. Swali langu ni la pembeni kidogo, ila linatokana na ukimya huo wa mialo: mkoa uliojaa watu waliokulia kwenye kafi, wenye ghuba iliyotulia na mafundi wa mitumbwi karibu kila mwalo, kwa nini hauna mashindano ya mitumbwi ya kila mwaka yenye kanuni zinazoeleweka? Na ukiamua kuyaanzisha, ujifunze kwa nani?

Duniani kuna mchezo mmoja uliokwisha kulijibu swali la pili kwa ukamilifu kuliko mingine, nao ni mbio za mitumbwi ya dragoni. Ninauchambua hapa tangu misingi yake, istilahi zake hadi namna unavyoendeshwa, kisha niupime na hali ya Kigoma. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: tunachopaswa kuazima ni kanuni. Mtumbwi, nyimbo na mikono tunavyo tayari.

Mchezo wenyewe

Mbio hizi zilizaliwa kusini mwa Uchina zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Qu Yuan, mshairi na waziri wa dola la Chu, ambaye inaaminika alijitosa katika Mto Miluo mwaka 278 kabla ya Kristo aliposikia kuwa mji mkuu wa dola lake umetekwa. Wenyeji, kwa masimulizi hayo, walikimbilia mitumbwi kwenda kumwokoa, wakapiga ngoma na kutupa wali majini ili samaki wasiuguse mwili wake. Mbio hufanyika siku ya tano ya mwezi wa tano wa kalenda ya Kichina, siku ambayo kwa kalenda yetu huangukia kati ya mwisho wa Mei na mwisho wa Juni. Mwaka 2009 UNESCO iliiingiza sikukuu ya siku hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Sura ya kimataifa ya mchezo ilianza Hong Kong mwaka 1976, timu za wavuvi wa huko ziliposhindana na timu iliyoalikwa kutoka Nagasaki, Japani. Shirikisho la kimataifa likaundwa mwaka 1991, hukohuko Hong Kong. Jambo la kuzingatia ni kwamba walioufikisha mchezo huu kwa dunia walikuwa wavuvi, watu wa kazi ileile inayofanywa Kibirizi.

Mtumbwi wa kawaida wa mashindano una urefu wa mita 12.49 bila kichwa na mkia wa dragoni, na upana wa mita 1.16 pale ulipo mpana zaidi. Hubeba watu 22. Wapiga kafi ni 20, wamekaa wawili wawili katika safu 10. Mpiga ngoma hukaa omoni akiwatazama wenzake usoni, na mshika usukani husimama tezini akiongoza kwa kasia refu. Upo pia mtumbwi mdogo wa wapiga kafi 10. Umbali unaoshindaniwa ni mita 200, 500, 1,000 na 2,000. Katika mbio fupi kila timu hubaki ndani ya njia yake kwa mstari ulionyooka, na katika zile za mita 2,000 timu huzunguka maboya.

Hapa pana tofauti ambayo mwanzilishi lazima aishike. Kafi hushikwa kwa mikono miwili, halifungwi popote, na mpigaji hutazama mbele anakokwenda. Kasia huegemezwa kwenye ubavu wa chombo, na mvutaji huupa mwendo kisogo. Magazeti yetu huita yote hayo kupiga makasia, lakini mchezo huu ni wa kafi, na kwa mashindano ya kimataifa kafi lenyewe limewekewa kipimo: urefu kati ya sentimita 105 na 130, na bapa lenye upana wa kama sentimita 18.

Nafasi ndani ya mtumbwi hazigawiwi ovyo. Safu tatu za mbele huweka mwendo, hivyo hukaliwa na watu wasioyumba, wanaoweza kupiga pigo lilelile la kumi na la mia bila kubadilika. Safu za katikati, mtumbwi ulipo mpana, ni za wazito na wenye nguvu. Safu tatu za nyuma huzamisha makafi katika maji ambayo wenzao wamekwisha kuyavuruga na kuyasukuma nyuma, kazi inayotaka mikono myepesi na masikio yaliyo wazi. Kabla ya kuondoka, nahodha huwapanga watu kwa uzito, kulia na kushoto, mbele na nyuma, mpaka mtumbwi ulale sawa majini.

Pigo moja la kafi

Anayetaka kuuelewa mchezo huu aangalie pigo moja tu, polepole. Lina hatua nne. Ya kwanza ni kufikia: mpigaji anajizungusha kuanzia kiunoni, bega la nje linakwenda mbele, mkono wa chini umenyooka, na kafi limening'inia juu ya maji mbele ya mwenzake. Ya pili ni kuzamisha: bapa linaingia majini lote kwa mara moja, bila kurusha maji. Ya tatu ni kuvuta: mwili unajirudisha, mgongo na mapaja ndivyo vinavyofanya kazi, mikono inashikilia tu. Ya nne ni kutoa: kafi likifika usawa wa paja linachomolewa kando. Likipitilizwa hadi nyuma ya nyonga, haliusukumi tena mtumbwi. Linanyanyua maji na kuuzamisha.

Kosa la wageni wa mchezo ni kuvuta kwa mikono peke yake. Mtu wa namna hiyo huanza kwa kishindo, na mita 200 hazijaisha mabega yake yamekwisha.

Sasa tupige hesabu. Timu inayomaliza mita 500 kwa dakika 2, na hiyo ni timu ya kiwango cha juu, inakwenda kwa kasi ya kilomita 15 kwa saa. Ikipiga mapigo 70 kwa dakika, inatumia mapigo 140, yaani kila pigo linausogeza mtumbwi kwa takriban mita 3.6. Mtumbwi wenye watu 22 una uzito wa zaidi ya tani moja na nusu, na kati ya pigo na pigo maji huupunguza mwendo. Ikiwa makafi 20 yataingia majini kwa wakati mmoja, mtumbwi unanyanyuka na kuruka. Wawili wakichelewa kidogo tu, nguvu yao inakuta mtumbwi umekwisha kusonga, na kafi lao linakuwa kizuizi. Ndiyo sababu watu 20 wenye nguvu za wastani wanaopiga pamoja huwaacha mbali mabaunsa 20 ambao kila mmoja anafuata mwendo wake.

Watu wengi hudhani mpiga ngoma yuko pale kunogesha. Kazi yake ni kuwasoma wapigaji wa safu ya mbele na kuusambaza mwendo wao kwa wa nyuma, ambao hawaoni vizuri. Anaamua pia ni lini timu iongeze mapigo mwanzoni, ni lini itulie ivute maji marefu, na ni lini itoe nguvu ya mwisho. Mshika usukani ndiye mwenye amri juu ya usalama, na neno lake likipingana na la ngoma, lake ndilo linalofuatwa.

Amri zenyewe ni fupi, kwa kuwa majini hakuna nafasi ya maelezo. Kwa Kiswahili cha ziwani zinaingia bila taabu: "Makafi juu!" kila mtu ajiandae, "Piga!" kuanza, "Acha!" kusimama kupiga na kuuachia mtumbwi uteleze, "Shikilia!" kulaza bapa juu ya maji ili mtumbwi usiyumbe, au kulizamisha ili usimame, "Rudi nyuma!" kupiga kinyume. Mwamuzi wa kuanzisha huuliza kama timu ziko tayari, huzitaka zikae macho, kisha hutoa ishara. Timu inayoondoka kabla ya ishara huonywa, na ikirudia huweza kutolewa.

Kigoma haianzi sifuri

Richard Burton na John Speke walifika Ujiji Februari 1858. Aprili mwaka huo waliondoka kwenda Uvira kwa mitumbwi miwili, na Burton aliandika kwamba mkubwa ulikuwa na futi 60 kwa 4, yaani kama mita 18 kwa 1.2. Uweke kando ya mtumbwi wa dragoni: upana karibu ni uleule, urefu umezidi kwa zaidi ya mita 5. Mitumbwi ya aina hiyo ilichongwa kwa magogo makubwa ya mivule kutoka Ugoma, ng'ambo ya magharibi ya ziwa. Henry Stanley na David Livingstone, baada ya kukutana Ujiji mwaka 1871, walisafiri kwa mtumbwi wa mvule wa Ugoma hadi ncha ya kaskazini, wakathibitisha kwamba Mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki. Swali hilo la jiografia, lililowasumbua wasomi wa Ulaya, lilijibiwa kwa nguvu za wapiga kafi wa Ujiji, ambao majina yao vitabu havikuyapa nafasi kubwa.

Burton alichukizwa na nyimbo zao. Alizisikia kama makelele: mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, siku nzima. Hakutambua kwamba wimbo ndio uliokuwa ukiupa mtumbwi mwendo. Kiongozi akiimba, makafi hujiandaa. Kundi likiitikia, makafi huzama. Kazi anayoifanya mpiga ngoma wa Hong Kong, mwimbishaji wa Ujiji aliifanya kwa koo lake, na bado aliweza kupiga kafi.

Alieleza pia makafi yenyewe: mpini mnene wenye kibapa kidogo cha mbao mwishoni. Kwa mchambuzi hili lina maana. Bapa dogo linashika maji machache, kwa hiyo wapigaji hulazimika kupiga mapigo mengi na ya haraka. Linafaa kwa safari ya siku nyingi, kwa kuwa halimalizi nguvu. Kwa mbio za dakika mbili, bapa pana linahitajika. Mfano huu unaonyesha tunachoweza kujifunza kwa wenzetu bila kudharau cha kwetu: chombo kinafuata kazi.

Tusijidanganye kwamba ujuzi huo umebaki kama ulivyokuwa. Mitumbwi ya gogo imepungua, na nafasi yake imechukuliwa na ya mbao inayotiwa kalafati. Injini za kupachika zinaifikisha mitumbwi kwenye maeneo ya uvuvi, na kafi limebaki la kusogeza mtumbwi wavuni au la dharura mafuta yakiisha. Kijana wa leo anaweza kuvua miaka kumi bila kupiga kafi saa nzima mfululizo. Mashindano, pamoja na furaha yake, ni njia ya kuuhifadhi ujuzi unaotutoka huku tukiutazama.

Waliotutangulia karibu nasi

Afrika Mashariki ina mifano. Buganda huendesha mashindano ya mitumbwi ya koo katika Ziwa Victoria. Nguvu yake haitoki kwenye zawadi. Inatoka kwenye swali la ukoo gani umeshinda. Mtazamaji anakuja tayari akiwa na upande. Zanzibar kuna resi za ngalawa, na Lamu mashindano ya majahazi hupamba sherehe za Maulidi, lakini hayo ni ya tanga na upepo, ujuzi wa aina nyingine.

Kwetu Kanda ya Ziwa, mashindano yaliyojulikana zaidi yalidhaminiwa na Kampuni ya Bia Tanzania kupitia bia ya Balimi. Yalikuwa na hatua za mikoa na fainali Mwanza, wanaume na wanawake, na Kigoma nayo ilipewa hatua yake. Yalithibitisha mambo mawili: umati unajaa ufukweni bila kubembelezwa, na wanawake wa mialoni wanapiga kafi wakipewa mtumbwi. Lakini mashindano yanayosimama juu ya mdhamini mmoja huishi kwa kadiri bajeti yake inavyoruhusu. Kinachodumu ni kile chenye wenyewe.

Kigoma wenyewe ni mialo. Kibirizi, Katonga, Ujiji, Mwamgongo, Ilagala, Buhingu: kila mmoja una jina, una watani wake na una kikundi cha usimamizi wa mwalo (BMU) kinachowajua wavuvi wake. Huko ndiko timu ziundwe, kama Buganda ilivyozijenga juu ya koo.

Cha kuazima na cha kuacha

Cha kwanza cha kuazima ni kipimo kimoja cha mtumbwi. Kila timu ikija na mtumbwi wake, mwembamba hushinda mpana na mpya hushinda uliolowa maji, na ushindi unakuwa wa fundi badala ya wapiga kafi. Sina haja ya kupendekeza mitumbwi ya plastiki ngumu kutoka ng'ambo, yenye vichwa vya dragoni. Ichorwe ramani moja ya mtumbwi wa mbao wa wapiga kafi 10, mafundi wa mialoni waunde minne au sita inayolingana kwa urefu, upana na uzito, na timu zigawiwe kwa kura kabla ya kila mbio. Makafi nayo yalingane. Mitumbwi ibaki mali ya mashindano, ya kutumika mwaka hadi mwaka.

Cha pili ni umbali uliopimwa. "Kutoka hapa mpaka kwenye lile jiwe" hauweki rekodi. Mita 500 zikipimwa na maboya yakawekwa, muda wa Kibirizi mwaka huu unaweza kulinganishwa na wa Ujiji mwaka ujao, na hata na wa Hong Kong. Ghuba ya Kigoma, iliyokingwa na rasi ya Bangwe, inafaa kuliko ufukwe wa Ujiji ulio wazi kwa mawimbi. Kwa kuwa pepo za kusini-mashariki huvuma sana katika miezi ya kiangazi, mbio zifanyike asubuhi na kuisha kabla ya adhuhuri.

Cha tatu, na ambacho hakina mjadala, ni usalama. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na sehemu nyingi za pwani yake huporomoka ghafla hatua chache kutoka mchangani. Kila mpiga kafi avae jaketi okozi, athibitishe kwamba anaweza kuogelea, na boti yenye injini na waokoaji ifuate kila mbio. TASAC, yenye dhamana ya usalama wa vyombo vya majini, ishirikishwe tangu siku ya kwanza. Mtumbwi ukipinduka, kanuni ya dragoni ni rahisi: kila mtu anamtafuta jirani yake wa safu, wanahesabiana, wanabaki wameushika mtumbwi. Kanuni hiyo ikiingia kwenye vichwa vya vijana kupitia mchezo, itawafaa pia usiku wakiwa kazini.

Cha nne ni makundi. Mashindano ya dragoni yana ya wazi, ya wanawake, ya mchanganyiko na ya wenye miaka 40 na kuendelea. Mwaka 1996, Vancouver, Canada, daktari Don McKenzie aliunda timu ya wanawake waliopona saratani ya matiti, wakati ambapo wagonjwa hao walikatazwa kazi nzito za mikono kwa kuhofiwa mikono ingevimba. Walipiga kafi, na hofu hiyo haikuthibitika. Leo timu za namna hiyo zimeenea nchi nyingi. Kwa mialo ambayo mwanamke anajulikana kama mwanika dagaa na mvuvi ni mwanamume, kundi la wanawake liwe la msingi tangu mwanzo, lenye zawadi sawa.

Cha kuacha ni joka lenyewe pamoja na kisa chake. Ni urithi wa watu wengine, tuuheshimu kwao. Omo wa mtumbwi wa Kigoma upambwe na wachongaji wa Kigoma, na mahali pa ngoma akae mwimbishaji.

Yapo mapingamizi. La uzito ni hili: familia imepoteza kipato cha miezi mitatu, na mtu anazungumzia michezo. Ni kweli kwamba mbio hazijazi sufuria, na asiyesema hivyo anawadanganya wavuvi. Fidia na kazi mbadala zibaki dai lao halali. Lakini mitumbwi sita ni kazi kwa mafundi, umati ni soko kwa mama lishe, na wageni wanaopita Kigoma kwenda Gombe kuwatazama sokwe wangekuwa na sababu ya kulala mjini siku mbili zaidi. Pingamizi la pili ni fedha. Hapo jibu ni kuanza kwa udogo: mialo minne, mtumbwi wa watu 10, asubuhi moja. Hong Kong ilianza na timu za wavuvi na mgeni mmoja. Rumonge, Uvira, Kalemie na Mpulungu ziko kwenye maji haya haya, na mgeni wa kwanza anaweza kutoka huko.

Ombi langu ni kwa Ofisi ya Mkoa, Baraza la Michezo la Taifa, halmashauri za mwambao na vikundi vya BMU: kabla ya ziwa kufungwa tena, kaeni na mafundi wa mialoni mkubaliane juu ya ramani moja ya mtumbwi, mpime mita 500 ndani ya Ghuba ya Kigoma, na mtangaze tarehe. Wapiga kafi watajitokeza wenyewe.